Saa ya Mkono wa Kulia

Alichelewa kabla hajazaliwa. Mkunga alimtajia mama yake tarehe, baba yake akaizungushia kalamu nyekundu kwenye kalenda, akaomba ruhusa kazini siku moja. Siku ikafika, ikapita, ruhusa ikaisha, mtoto bado. Alipokuja kutoka, wiki mbili baadaye, baba hakuuliza kama ni wa kike au wa kiume. Aliitazama saa yake ya dhahabu akasema, "Huyu ni Chelewa." Jina zuri alilopewa na bibi yake likabaki kwenye karatasi za serikali. Mtaani na shuleni akawa Chelewa, na watoto wenzake, kwa vile watoto hawana dogo, wakamwimbia kila alipopita: "Chelewa, chelewa, utakuta mwana si wako!"

Baba huyo alikuwa mnyapara katika kiwanda cha sabuni, chumba cha kukatia miche. Saa ile mwenye kiwanda mwenyewe aliivua mkononi mwake akampa, siku mnyapara alipotimiza miaka kumi bila kuchelewa hata dakika moja. Ilikuwa kuukuu tangu siku hiyo. Dhahabu yake ilikuwa imelainika pembeni kwa kusuguana na mikono ya mashati, na uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya maziwa ya jana. Lakini ilikuwa nzito, na mshale wake wa sekunde haukurukaruka kama wa saa za watu wengine. Uliteleza tu, bila kelele, ukizunguka uso wote kana kwamba hauna haraka na mtu.

Kuzunguka kioo kulikuwa na pete yenye tarakimu za dakika na alama ya pembetatu. Ukiisukuma kwa kidole gumba inageuka: trik, trik, trik. Walioitengeneza walimfikiria mpiga mbizi, ajue amebakiwa na hewa ya dakika ngapi. Mnyapara hakuwa na bahari. Alikuwa na choo cha wafanyakazi. Mtu akiomba kwenda haja, pembetatu inasogezwa hadi ulipo mshale wa dakika, na akirudi anasomewa hesabu yake mbele ya wenzake. "Dakika tisa. Ulikwenda kuzaa?" Wakamwita Bwana Dakika. Alijua, na alipenda. Hata kuivaa, aliivaa mkono wa kulia, tofauti na watu wote, ili anapomnyooshea mtu kidole, mtu aione saa kwanza.

Nyumbani hakukuwa na tofauti. Mkewe akitoka na ndoo, trik trik. Chelewa akitumwa chumvi, trik trik, na mtoto wa miaka saba anakimbia na chumvi mkononi. Aliyesamehewa ni mmoja tu, mwanawe wa kiume, kaka mkubwa wa Chelewa. Huyo alikuwa akishikwa bega mbele ya wageni. "Huyu," baba husema, "ndiye mkono wangu wa kulia." Kisha, bila kugeuza shingo: "Chelewa, lete chai." Na pete ikazungushwa ili wageni nao waone nyumba ile inavyokwenda.

Ukitaka kujua mtu amelelewaje, mtazame akishona. Chelewa alikuwa fundi cherehani, na hapakuwa na fundi mwenye haraka na usafi kama wake. Sare za shule, kola, mifuko, vifungo, vyote alivimaliza kabla ya siku aliyoahidi. Wateja walishangaa: fundi gani huyu asiyesema njoo kesho? Alipata kibanda chake sokoni, akapata na mchumba, fundi seremala mpole aliyemtengenezea meza ya kukatia bila kuombwa. Mama yao alikuwa ameshafariki. Kaka alikuwa amehamia mji mwingine, ofisi ya bima, viatu vinavyong'aa. Mambo yalikuwa yameanza kumnyookea Chelewa. Ndipo kiharusi kikampiga baba yake, miezi saba baada ya kustaafu, akiwa anafunga vifungo vya shati.

Kilichukua upande wa kulia wote, na maneno pia. Baba aliyekuwa na ulimi kama wembe alibakiwa na maneno yasiyozidi kumi: saa, bado, basi, maji, na mengine machache aliyoyavuta kwa taabu. Kaka alikuja na gari, akasimama mlangoni dakika chache akiwa ameshika funguo. "Dada, wewe ndiye uliye karibu," alisema. "Mimi nitatuma kitu." Akatuma, si haba, kuna miezi alituma. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, wala haimgeuzi mgonjwa asiote vidonda. Chelewa alifunga kibanda, akaisogeza cherehani kando ya kitanda cha baba, dirishani, akawa anashona kwa zamu na kufua mashuka. Seremala alisubiri mwaka mmoja na nusu, kisha akaja kuaga kwa heshima zote. Leo ana watoto wawili na mke mwingine. Meza ya kukatia ipo.

Hospitalini saa ilikuwa mkononi mwa Chelewa. Siku ya tatu baada ya kutoka hospitali na kumrudishia baba, ilisimama. Baba alipiga ukelele hata Chelewa akadhani ni kiharusi cha pili. Alikuwa ameinyooshea saa kidole cha kushoto, machozi yanamtoka. "Saa! Saa! Saa!" Chelewa akaivua, akakimbia nayo kwa fundi saa wa pale kona, mzee mwenye kioo cha kukuzia kilichobanwa jichoni. Fundi aliifungua mgongo, akatazama, akacheka.

"Hii haina ugonjwa," alisema. "Nani anaivaa?"

"Baba yangu. Amepooza."

"Basi ndiyo hiyo sababu. Saa hii haina betri, dada, na wala huitii ufunguo. Unakiona hiki?" Alimwonyesha kipande cha chuma kama nusu ya sarafu kilichokuwa kikiyumba ndani. "Mkono ukiyumba, na hiki kinayumba, kinakaza springi. Mkono ukilala siku mbili, nayo inalala. Saa hizi zinakula mkono."

Aliirudisha nyumbani, akataka kumvisha baba mkono wa kushoto ulio mzima. Baba alimsukuma, saa ikaanguka kitandani. "Bado," alisema, akiutazama mkono wa kulia uliolala juu ya shuka kama kitu cha jirani. "Bado. Bado." Chelewa akaelewa kwamba hiyo bado ni hapana. Akamvisha kulekule. Kisha akafanya yale ambayo dada wa mazoezi ya viungo alifundisha hospitalini na baba akayakataa: akaunyanyua ule mkono, akaukunja, akaunyoosha, akauyumbisha. Mara kumi. Mara thelathini. Mshale wa sekunde ukaanza kuteleza. Baba aliufuata kwa macho mzunguko mzima, na tangu siku hiyo hakukataa mazoezi tena.

Mara mia asubuhi, mara mia mchana, mara mia jioni, kwa miaka minne. Unajua uzito wa mkono wa mtu mzima usiojibeba? Chelewa alipata maumivu ya bega ambayo anayo mpaka leo. Na msidhani mzee aligeuka malaika. Kiharusi kilimchukulia mguu, mkono na maneno, kikamwachia kidole gumba cha kushoto, na kidole hicho kilifika vizuri sana kwenye pete. Chelewa akijitanda khanga kwenda sokoni anasikia nyuma yake: trik, trik, trik. Akirudi, baba humwinulia vidole kumwonyesha amechukua dakika ngapi. Alikuwa akienda na kulia njiani kwa hasira, akirudi anakimbia.

Lakini kuna jambo moja. Siku za mwanzo baba alijaribu kujilisha kwa mkono wa kushoto, uji ukaishia kifuani, akakitupa kijiko ukutani. Chelewa aliufuta ukuta, akachukua kijiko kingine, akaketi. "Baba," alisema, "mkono wako wa kulia umelala. Basi mimi ndiye mkono wako wa kulia. Mkono wa kulia uji." Hakukusudia kuchekesha, alikuwa amechoka. Baba akamtazama, kisha nusu ya uso wake ile hai ikakunjamana, akatoa sauti ambayo Chelewa hakuwahi kuisikia maishani mwake. Alikuwa anacheka. Kuanzia hapo, kila alipohitaji chakula, au kugeuzwa, au kuwa na mtu tu karibu, aliita kwa kuvuta neno moja moja: "Mkono... wa kulia." Na Chelewa akaitika, "Abee, baba." Kwa miaka minne lile jina la kuzaliwa kwa kuchelewa halikutoka tena kinywani mwa mzee. Hakumwambia mtu. Ningekuwa mimi nisingemwambia mtu pia; vitu vingine ukivitoa nje vinaonekana vidogo.

Mzee alipofika mwisho, baba mdogo na shangazi waliitwa. Ilikuwa asubuhi, Chelewa amesimama miguuni mwa kitanda na bakuli la uji uliokataliwa. Baba alifungua macho, akauvuta mkono wa kushoto hadi kwenye saa, akaigonga kwa kidole.

"Saa," alisema. Akapumzika. "Mkono... wa kulia."

Baba mdogo aliinamisha kichwa. "Tumekusikia, kaka. Saa ni ya mkubwa."

Macho ya mzee yalitoka. "Bado," alisema, akijaribu kutikisa kichwa. "Bado... bado..."

"Anasema bado hajafa, tusimharakishe," alisema shangazi, akaanza kulia.

Hapo Chelewa angesema. Alikuwa na bakuli mkononi na maneno mdomoni. Lakini mtu mwenye haya atadai vipi saa mbele ya mzazi anayekata roho? Akajiambia atasema baadaye, pakitulia. Mzee alifariki kabla ya adhuhuri. Chelewa, chelewa.

Shangazi aliivua saa akaiweka juu ya kabati. Siku ya pili, katikati ya wageni na vikombe, Chelewa alipita pale akakumbuka kwamba jioni ile itasimama. Haikuwahi kusimama tangu siku ya fundi. Aliichukua akaivaa mkono wa kulia, akaikaza kwa kipande cha kitambaa kwa sababu ilikuwa ikimpwaya, akaendelea kuosha vyombo. Kwa mwendo ule wa kusugua masufuria ingekwenda hata wiki. Shangazi akaiona.

Kikao kilikaa siku kaka alipowasili. Walikuwa wanne: baba mdogo kwenye kiti cha marehemu, shangazi, kaka, na Chelewa kwenye kigoda cha cherehani.

"Kabla ya yote," alisema shangazi, "mwenzetu huyu aivue. Kaburi halijakauka, yeye kashajipamba."

"Shangazi, isipovaliwa inasimama."

"Saa gani hiyo inayosimama kwa kukosa mkono? Ya kwangu iko ukutani mwaka wa kumi, hakuna aliyewahi kuivaa!"

Walicheka, hata kaka. Baba mdogo akainua kiganja. "Marehemu aliacha neno, na mimi na dada yangu ni mashahidi. Alisema saa ni ya mkono wake wa kulia. Hilo halina mjadala."

"Baba mdogo," alisema Chelewa, "mkono wa kulia ni mimi."

"Wewe?"

"Ndivyo alivyokuwa akiniita. Tangu alipougua."

"Akikuita lini?"

"Akiwa na njaa."

Alijua amekosea kabla hajafunga mdomo. Shangazi alipiga makofi mara moja. "Basi mtu alikuwa anaomba uji, jamani! Si wa kulia wewe, ni wa kulia chakula!"

"Ndiyo, shangazi," alisema Chelewa. "Wa kulia chakula. Ndio mimi huyo."

Baba mdogo alikohoa. Hakuwa mtu mbaya, nataka ijulikane, na hilo ndilo linaloniudhi. "Mwanangu, mkono wa kulia ni msemo. Tangu mkiwa wadogo, marehemu alikuwa akimwita nani hivyo mbele ya watu?"

Jibu alilijua kila mtu mle ndani. Chelewa alilijua kuliko wote, maana ndiye aliyekuwa akiingia na sinia ya chai wakati neno hilo linasemwa.

"Dada," alisema kaka kwa upole, "mimi sina shida ya saa. Ninazo tatu. Lakini neno la mzee ni neno la mzee."

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wahenga hawakumjua kaka. Chelewa alifungua kile kitambaa, akaiweka saa mezani, ikiwa inakwenda.

"Utaivaa?" aliuliza.

"Nitaitunza," alisema kaka.

Wiki haikuisha, simu ikalia. "Hii saa imesimama. Mliichokonoa?"

"Uliiweka wapi?"

"Kabatini, kwenye kioo. Inaonekana vizuri."

"Ivae, kaka. Ile inakula mkono. Usipoivaa, itikise angalau asubuhi na jioni."

Kaka alicheka. "Na kazi zangu zote hizi, niwe natikisa saa kama chupa ya dawa?"

Chelewa alitaka kumwambia, basi nirudishie, nitaitikisa mimi. Akamuaga, akakata simu. Lakini usiku na mchana aliendelea kuihesabu kuwa ni yake, ipo tu mahali pasipo pake, na kwamba siku moja kaka atachoka na chuma kisichokwenda, atamletea. Alimpa kila mtu sababu nyingine ya kutouza ile nyumba ya baba na kutohama. Ukweli ni kwamba alikuwa anaisubiri.

Na kweli kaka alikuja nayo. Ulikuwa umepita mwaka na miezi. Aliingia akiwa amenenepa kidogo, akaketi kwenye kiti cha baba, akaupandisha mkono wa koti. Saa ilikuwa mkononi mwake, imesuguliwa mpaka inameremeta.

"Nimekuletea uione," alisema kaka. "Si ulikuwa na wasiwasi nayo? Sasa hivi haina tabu tena. Na wewe fundi, nataka unishonee kifuko cha mahameli, niwe nasafiri nayo humo."

"Nitakushonea."

"Chelewa, niletee chai kwanza. Nimetoka mbali."

Aligeuka kwenda jikoni, na nyuma yake akasikia: trik, trik, trik.

"Tuone utachukua dakika ngapi!" kaka alisema, akicheka, bila ubaya wowote.

Chelewa aliapa moyoni kwamba atakwenda taratibu. Ana miaka arobaini na mmoja. Nyumba ni yake kuitunza, chai ni yake, na maji huchemka yanapotaka. Basi aliwasha jiko, na mikono yake ikaanza yenyewe kufanya kama ilivyozoea. Ikanyakua kikombe, ikamwaga sukari, ikaishika sufuria kabla hajatafuta kitambaa. Alijikuta sebuleni anahema, vidole vimeungua, chai imemwagika kwenye sinia.

Kaka alisoma pete. "Dakika sita! Hongera. Mzee angefurahi."

Hakuwa ameona aibu kama ile hata siku ya kikao. Aliweka sinia, akafuta vidole kwenye khanga. "Nipe niipimie hicho kifuko," alisema.

Kaka akaivua, akampa. Ilikuwa nyepesi. Chelewa alidhani ni hofu yake tu, akaiyumbisha kidogo kama alivyokuwa akiuyumbisha mkono wa mzee, akisubiri kukisikia kile kipande ndani kikiitika. Hakikuitika kitu. Akaisogeza dirishani. Mshale wa sekunde ulikuwa ukiruka: tk, tk, tk, kama wa saa za watu wengine.

"Imefanywa nini?"

"Nimeitia mashine ya betri!" alisema kaka, amefurahi. "Fundi mmoja mjuzi sana. Ametoa makorokoro yote ya ndani, ameweka mpya. Hata niiache mwaka mzima, inakwenda. Haihitaji mkono wa mtu tena."

"Na ya ndani yako wapi?"

"Kabaki nayo fundi. Vyuma chakavu, dada, utavifanyia nini?"

Chelewa alichukua utepe wake wa kupimia. Alipima upana wa uso, akapima unene, akapima mkanda, akaandika kwa chaki kwenye kipande cha karatasi, kwa mwandiko ulionyooka. Kwa mwaka mzima na zaidi alikuwa akiiita saa ya baba, hata kwenye simu, hata kaka alipokuwa akimsahihisha.

"Shika saa yako, kaka," alisema.

Kaka aliivaa, akanywa chai, akasifu chai, akaondoka kabla jua halijawa kali. Kifuko alikishona siku ileile, kwa mahameli nyeusi, mshono wa ndani usioonekana, akakituma kesho yake. Kisha akarudi kwenye cherehani iliyopo pale palipokuwa na kitanda. Kulikuwa na shati la sare, lenye matundu saba ya vifungo ya kushona kwa mkono. Bega lilikuwa likimuuma. Akaanza la kwanza, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza yatamchukua muda gani.